Mpangilio wa Elektroni: Jinsi ya Kupata Sababu, Siyo Mwelekeo Peke Yake

Maswali ya kemia mnayoleta hubadilika kila muhula, lakini moja halikosi kurudi: "Mwalimu, nimekariri kwamba atomu hupungua ukubwa ukienda kulia na huongezeka ukishuka chini. Mbona bado nakosa alama?" Wanaouliza wapo wa kidato cha pili, na wapo wa kidato cha tano wenye tahasusi za PCB na PCM. Jibu langu kwa wote ni moja. Ulichokariri ni mwelekeo, na msahihishaji anatafuta sababu.

Habari njema ni kwamba sababu hizo hazifiki kumi. Ukubwa wa atomu, ugumu wa kung'oa elektroni, hata ukali wa potasiamu ikitiwa kwenye maji, vyote vinarudi palepale: elektroni za nje ziko mbali kiasi gani na kiini, na kiini kinazivuta kwa nguvu kiasi gani. Ukishika hapo, sehemu kubwa ya jedwali la elementi unaijenga mwenyewe ukiwa ndani ya chumba cha mtihani.

## Anza na hesabu sahihi

Makosa mengi hutokea kabla hata elektroni ya kwanza haijapangwa. Fuata utaratibu huu:

1. Tafuta namba ya atomu. Hiyo ndiyo idadi ya protoni.
2. Kama atomu haina chaji, elektroni ni sawa na protoni.
3. Kama ni ioni chanya, toa elektroni. Kama ni ioni hasi, ongeza.

Kwa hiyo Mg²⁺ ina 12 − 2 = 10, na Cl⁻ ina 17 + 1 = 18. Alama ya kujumlisha huwapotosha wengi: wanaiona juu ya Mg, nao wanaongeza. Chaji chanya maana yake elektroni zimeondoka.

Usitumie namba ya uzito. Kwenye kisanduku cha sodiamu utaona 11 na 22.99, na unayoitaka ni 11. Ukitaka kuona uzito unavyoweza kukupoteza, tazama argoni na potasiamu. Argoni ina uzito wa 39.95 na potasiamu 39.10, lakini argoni hutangulia kwa sababu ina protoni 18 na potasiamu ina 19. Mendeleev alipochapisha jedwali lake mwaka 1869 alipanga kwa uzito, na ilimbidi aitangulize teluriamu mbele ya iodini ingawa teluriamu ni nzito zaidi, kwa kuwa tabia zao zilidai hivyo. Kazi ya Henry Moseley ya mwaka 1913 ndiyo iliyoonyesha kwamba kinachopanga elementi ni namba ya atomu.

## Kidato cha pili: maganda yanatosha

Kwa elementi 20 za kwanza, jaza 2, kisha 8, kisha 8, kisha 2. Kalsiamu ni 2:8:8:2. Ukimaliza, mpangilio wenyewe unakupa mahali elementi ilipo:

- Idadi ya maganda ni namba ya kipindi, yaani safu ya mlalo.
- Elektroni za ganda la nje hukuonyesha kundi.

Heliamu ndiyo ya kuangalia. Ina elektroni 2 za nje, lakini imewekwa na gesi adimu kwa sababu ganda lake la kwanza limejaa.

"Lakini tumefundishwa kwamba ganda la tatu hubeba 18. Mbona potasiamu siyo 2:8:9?" Ganda la tatu kweli hubeba 18, ila halijazwi mfululizo. Likishapata 8, elektroni mbili zinazofuata huenda kwanza ganda la nne, halafu ndipo la tatu linaendelea. Ndiyo maana skandiamu, elementi ya 21, ni 2:8:9:2, na chuma ni 2:8:14:2. Kanuni ya 2:8:8 ina mwisho, na mwisho wake ni kalsiamu. Ukiisukuma mbele ya hapo itakuangusha.

## Kidato cha tano: s, p, d na f

Hapa kila ganda limegawanyika. Sehemu ya s hubeba elektroni 2, p hubeba 6, d hubeba 10, na f hubeba 14. Ndani ya sehemu hizo kuna obitali, na kila obitali haizidi elektroni 2. Mfuatano wa kujaza ni huu:

1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, 4p, 5s, 4d, 5p, 6s, 4f, 5d, 6p, 7s

Tuchukue chuma, elektroni 26:

- Jaza kwa mfuatano: 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 4s² 3d⁶.
- Jumlisha namba ndogo za juu: 2 + 2 + 6 + 2 + 6 + 2 + 6 = 26. Usiache hatua hii hata kama una haraka. Ni sekunde chache tu, nayo inakuokoa na makosa ya kizembe.
- Fupisha kwa gesi adimu iliyotangulia: [Ar] 3d⁶ 4s².

Ukiulizwa uchore vishale ndani ya visanduku, fikiria bweni siku ya kufungua shule. Kila kitanda ni dabodeka, na wanaowahi hujichukulia kitanda kila mmoja peke yake. Kulala wawili wawili huanza pale vitanda vyote vimeshapata mtu. Elektroni za 2p hufanya vivyo hivyo. Naitrojeni ina tatu, nazo hukaa hivi: ↑ ↑ ↑. Oksijeni ina nne, kwa hiyo lazima moja ipate mwenzake: ↑↓ ↑ ↑. Walio ndani ya kisanduku kimoja huelekea pande tofauti. Uweke mchoro huo wa oksijeni kichwani, kwa maana tutauhitaji tena.

### Kromiamu na shaba

Hizi mbili huulizwa sana:

- Kromiamu: [Ar] 3d⁵ 4s¹
- Shaba: [Ar] 3d¹⁰ 4s¹

Vitabu vingi vya shule vinasema sehemu ya d iliyojaa nusu au yote ni thabiti zaidi, na jibu hilo hukubaliwa. Ningependa uelewe kidogo zaidi ya hapo. Nishati za 4s na 3d ziko karibu sana katika atomu hizi. Kromiamu ina elektroni 6 za kugawa na obitali 6, yaani moja ya 4s na tano za 3d. Kila elektroni ikipata obitali yake, msukumano unapungua, na atomu inatua kwenye nishati ya chini.

Onyo: usiupeleke mtindo huu kusikohusika. Kuna wanaoandika kaboni kuwa 2s¹ 2p³ kwa hoja ya "nusu imejaa". Hapana. Atomu ya kaboni iliyotulia ni 2s² 2p². Hata tangsteni, iliyo kundi moja na kromiamu, haifuati mtindo wa kromiamu.

### Ioni za chuma na ndugu zake

Fe²⁺ ni [Ar] 3d⁶. Fe³⁺ ni [Ar] 3d⁵. Elektroni za 4s ndizo zinazoondoka mwanzo.

Najua swali linalofuata: "Iliingia ya kwanza, inakuwaje itoke ya kwanza?" Mfuatano wa kujaza unalinganisha elementi moja na inayofuata, na kila ukisogea hatua moja kiini nacho kinaongezewa protoni. Unapotengeneza ioni, kiini hakibadiliki. Atomu ya chuma tayari ina protoni 26, na kwa mvuto huo 3d imeshavutwa ndani, huku 4s ikibaki nje. Anayeondoka ni wa nje. Mwanafunzi anayeandika Fe²⁺ kuwa [Ar] 3d⁴ 4s² amefuata mfuatano wa kujaza kinyumenyume, na hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwenye karatasi za kidato cha tano.

## Maswali matatu ya kujiuliza kila mara

Kabla hujaandika lolote kuhusu mwelekeo wa jedwali, jiulize:

1. Kiini kina protoni ngapi?
2. Elektroni ya nje iko ganda la ngapi?
3. Katikati kuna elektroni ngapi za ndani zinazokinga mvuto wa kiini?

Tuyajaribu kwa sodiamu na klorini. Zote zina maganda matatu. Zote zina elektroni 10 za ndani. Tofauti ni kiini: protoni 11 kwa sodiamu, 17 kwa klorini. Kwa makadirio ya haraka, elektroni ya nje ya sodiamu inavutwa na kama chaji +1 inayobaki baada ya kukingwa, na ya klorini inavutwa na kama +7. Hesabu za kina hutoa namba tofauti kidogo, ila picha ni ileile. Matokeo yake, nusu kipenyo cha atomu ya sodiamu ni takribani pikomita 186 na cha klorini ni 99. Usishtuke kitabu kingine kikikupa namba nyingine, kwa sababu ukubwa wa atomu hupimwa kwa njia zaidi ya moja. Mpangilio wa nani mkubwa na nani mdogo ndio wa kuushika.

"Lakini klorini ina elektroni nyingi zaidi, kwa nini isiwe kubwa?" Kwa sababu elektroni zilizoongezeka zimeingia ganda lilelile. Hazikujenga ganda jipya, na elektroni za ganda moja hazikingani vizuri. Protoni nazo zimeongezeka kwa idadi ileile, na mvuto wake ndio unaoshinda.

Sasa shuka chini kwenye kundi la kwanza. Nishati ya kung'oa elektroni ya nje ni kilojuli 520 kwa mole kwa litiamu, 496 kwa sodiamu, na 419 kwa potasiamu. Hapa pingamizi huwa kali: potasiamu ina protoni 19 na litiamu 3 tu, iweje potasiamu ndiyo ishindwe kuishika elektroni yake? Rudi kwenye maswali. Elektroni ya nje ya potasiamu iko ganda la nne, na mbele yake zipo 18 zinazokinga. Umbali na kinga vimeuzidi wingi wa protoni. Ndiyo maana litiamu ndani ya maji hutoa mapovu kwa utulivu, sodiamu huyeyuka ikawa kitone kinachokimbia juu ya maji, na potasiamu huwaka mara moja kwa mwali wa rangi ya urujuani. Metali hizi hutunzwa ndani ya mafuta, na majaribio yake ni ya mwalimu, nyuma ya kinga. Usithubutu kuchukua kipande maabara ukakijaribu bwenini.

## Pale mwelekeo unapokatika

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, kwa hiyo twende taratibu. Hizi ni nishati za kwanza za uionishaji katika kipindi cha tatu, kwa kilojuli kwa mole:

- Sodiamu 496
- Magnesiamu 738
- Alumini 578
- Silikoni 786
- Fosforasi 1012
- Salfa 1000
- Klorini 1251
- Argoni 1521

Zinapanda, lakini mara mbili zinashuka: kwenye alumini na kwenye salfa. Aliyekariri "huongezeka kwenda kulia" atakwama hapa. Aliyejifunza kupanga elektroni ana jibu tayari.

Alumini. Elektroni ya nje ya magnesiamu iko 3s. Ya alumini iko 3p, ambayo ina nishati ya juu zaidi na inakingwa kidogo na zile mbili za 3s. Kwa hiyo inang'oka kwa urahisi, ingawa alumini ina protoni moja zaidi.

Salfa. Fosforasi ni 3p³, kila moja peke yake. Salfa ni 3p⁴, mchoro uleule wa oksijeni niliokuomba uuweke kichwani. Obitali moja ina elektroni mbili, nazo zinasukumana. Msukumano huo unarahisisha kuing'oa mojawapo.

Usichanganye sababu hizi mbili. Ya alumini ni aina ya obitali, ya salfa ni msukumano ndani ya obitali moja. Wapo wanaoandika "msukumano" kwa zote mbili, nao hupata nusu ya alama.

Ukiombwa maana ya nishati ya kwanza ya uionishaji, usisahau mambo haya:

- Atomu ziwe katika hali ya gesi.
- Ziwe mole moja.
- Kila atomu ipoteze elektroni moja, itokee ioni yenye chaji +1.

Mlinganyo ni Mg(g) → Mg⁺(g) + e⁻. Ukiacha (g), umeacha alama.

### Kuruka kwa namba

Swali jingine la kawaida hukupa nishati zinazofuatana za elementi usiyoijua: 738, 1451, 7733. Ni kundi la ngapi? Tafuta mruko mkubwa. Upo kati ya ya pili na ya tatu. Maana yake elektroni mbili zilitoka ganda la nje, na ya tatu imebidi ing'olewe kutoka ganda la ndani, karibu zaidi na kiini. Jibu ni kundi la pili, na elementi hii ni magnesiamu. Kosa lililozoeleka ni kutazama namba kubwa iliyo ya tatu ukaandika kundi la tatu. Hesabu zilizotoka kabla ya mruko.

## Ioni zenye elektroni sawa

O²⁻, F⁻, Na⁺, Mg²⁺ na Al³⁺ zote zina elektroni 10. Ukiombwa uzipange kwa ukubwa, swali la pili na la tatu kwenye orodha yetu yana jibu moja kwa zote, kwa hiyo yameshajiondoa. Linabaki la kwanza. Oksijeni ina protoni 8, alumini ina 13. Mwenye protoni chache hushika kwa ulegevu, kwa hiyo O²⁻ ndiyo kubwa, takribani pikomita 140, na zinapungua kwa mfuatano: F⁻ 133, Na⁺ 102, Mg²⁺ 72, Al³⁺ kama 54.

Elektronegativiti ni uwezo wa atomu kuvuta upande wake elektroni za kifungo inachoshirikiana na nyingine. Hutumia maswali yaleyale matatu. Florini inaongoza kwa 3.98 kwenye kipimo cha Pauling, na namba hizi hazina yunti. Jihadhari na kitu kimoja tu: elektronegativiti siyo nishati inayotolewa atomu ya gesi inapopokea elektroni. Katika hiyo ya pili klorini inaipita florini, kilojuli 349 kwa 328, kwa kuwa florini ni ndogo mno na elektroni inayoingia hukuta msongamano.

## Sentensi za kufuta kwenye daftari lako

- "Kwa sababu iko kulia kwenye jedwali." Mahali siyo sababu. Sema protoni, ganda na kinga.
- "Sodiamu inataka kufikisha elektroni nane." Atomu haina matakwa. Sodiamu haiachii elektroni yake bure, kilojuli 496 zinahitajika. Nishati hiyo hufidiwa na hatua nyingine, kama ioni kushikamana kwenye chumvi.
- "Mvuto umeongezeka." Kati ya nini na nini? Andika: kati ya kiini na elektroni za ganda la nje.
- "Magnesiamu ina maganda mengi." Kuliko nani? Swali la kulinganisha linadai utaje zote mbili.

## Nikariri nini basi?

Vipo vya kukariri, na nisingependa udanganywe kwamba havipo: elementi 20 za kwanza kwa mfuatano, mstari wa 1s hadi 4p, uwezo wa s, p, d na f, pamoja na kromiamu na shaba. Mengine yazalishe.

Kwa walio Tanzania na Kenya, mtihani wa kemia wa sekondari huandikwa kwa Kiingereza, na wengi wenu hukwama kwenye sentensi wakati fikra mnayo. Fanyeni hivi kwenye kikundi cha kujisomea: mmoja amweleze mwenzake sababu kwa Kiswahili mpaka aridhike, kisha wote wawili waiandike kwa lugha ya mtihani kwa sentensi tatu, moja kwa kila swali. Msiandike kabla ya kueleza. Sentensi ya Kiingereza iliyokaririwa bila kueleweka huvunjika pale tu mtahini anapobadilisha elementi.

Chukua karatasi ya mraba, chora grafu ya zile namba nane za kipindi cha tatu kwa mkono wako, na pembeni ya kila mshuko andika sababu yake. Kisha funika ukurasa na ujibu hili: nishati ya kwanza ya uionishaji ya naitrojeni ni 1402 na ya oksijeni ni 1314. Kwa nini oksijeni iko chini? Anza kwa kuchora visanduku vya 2p.